Maneno ya Mlinzi

Kt.

Bibi alifumbua macho gizani akatega sikio. Kilikuwa kisauti kidogo, kikavu, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti kwa kucha. Kimya. Kisha tena: kt. Si panya, akajiambia, maana panya hana subira ya kungoja hivyo kabla hajarudia. Akajifunga shuka kifuani, akapapasa ukuta mpaka sebuleni.

Mkaza mwanawe alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia chakula, laptopu ya ofisini imefunguliwa mbele yake, tochi ya simu imeegemezwa kwenye kikombe. Chini alikuwa ameshavaa sketi ya kazini, juu bado fulana ya kulalia, kama mtu ambaye habari mbaya zilimkuta katikati. Alibonyeza kitufe, akangoja, akabonyeza tena.

"Haiwaki, Mama," alisema bila kugeuka.

"Labda umeme umekatika."

"Umeme upo. Tazama taa ya soketi."

Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka ukutani kweli. Kutoka pale waya ulishuka sakafuni, ukaingia ndani ya chaja, kile kidude kizito kama tofali dogo, kilichovikwa soksi ya sufu ya kijani, ukatokea upande wa pili na kupanda mezani.

"Jana nimeifunga nzima. Nimeamka nimalizie kusahihisha kurasa mbili za mwisho. Haitoi taa, haitoi sauti. Imekufa, Mama. Siku zote hizi ikae, ije kufa leo!"

Bibi alishika mgongo wa kiti. Jana usiku, mkwe wake akiwa anaoga kabla ya kulala, aliona vumbi na alama za vidole juu ya mashine ile. Akachukua kitambaa kilicholowa akaifuta, juu, chini, na katikati ya herufi, kama alivyofuta kila kitu ndani ya nyumba hii tangu alipohamia kwa mwanawe. Alitaka kusema. Mdomo ulifunguka, ukajifunga wenyewe.

"Ngoja nikuchemshie maji ya kuoga," akasema, akaenda jikoni, na huko akasimama mbele ya jiko bila kuliwasha.

Mkaza mwanawe alikuwa karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya hakimu na kuandika kila neno la shahidi kadiri linavyotoka, kisha kulichapa kwenye karatasi ili hakimu alitie sahihi. Lakini wino wa mashine ya kuchapia pale mahakamani ulikuwa umekwisha wiki ya tatu sasa. Kila siku waliambiwa unakuja. Karani akawa anaandika tu na maneno yanabaki humo humo ndani ya laptopu, na laptopu yenyewe usiku ilitakiwa ilale kabatini mahakamani, imefungiwa kwa ufunguo. Jana aliibeba tena, kama alivyozoea kuibeba kwa miezi. Alitaka kusahihisha makosa kwa utulivu, maana wino ulikuwa umefika jana hiyo hiyo mchana na leo saa tatu kesi ingesikilizwa.

Na kesi yenyewe ndiyo ile ambayo mji mzima ulikuwa unaifuata. Ukuta wa ghala la tajiri mmoja wa nafaka ulianguka na kuwaua wapagazi wawili. Mlinzi wa ghala, mzee aliyekohoa kati ya kila sentensi, alitoa ushahidi mbele ya karani kwa siku mbili. Siku tisa baadaye mzee akafariki dunia. Maneno yake yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa mezani pale, pameganda kama jiwe.

"Unajua watasema nini?" karani aliuliza Bibi aliporudi. Alizungumza taratibu sana, na upole huo ulimtisha Bibi kuliko kilio. "Watasema nimehongwa. Juzi mtu wa tajiri alinisimamisha ukumbini, akanisalimia, akaniuliza mama mkwe hajambo. Watu waliona, Mama. Wote waliona. Leo niende niseme laptopu haiwaki, na tena niseme ilikuwa nyumbani kwangu? Ungekuwa wewe ungeamini?"

"Mimi ningekuamini."

"Wewe ni mama yangu. Hakimu si mama yangu."

Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja. Bibi alikuwa ameishi vya kutosha kuona mtu akifungwa kwa jambo lililosemwa tu, likasemwa tena, mpaka likawa na miguu.

*

Karani alimpigia mumewe kwanza. Alikuwa dereva wa lori, siku ya tatu njiani, na sauti yake ilikuja na upepo.

"Nilikwambia!" alipiga kelele. "Nilikwambia kazi ya serikali usiilaze nyumbani! Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Sasa haiwaki."

Injini ikanguruma. "Mpe Mama simu."

Bibi aliweka simu sikioni.

"Mama," mwanawe alisema, na hasira ilikuwa imemtoka yote, amebaki mtoto. "Usimwache peke yake. Popote atakapokwenda, nenda naye. Nakuomba."

Kisha karani akampigia mwenzake wa ofisini, karani wa meza ya pili, mtu waliyekula naye mchana kwa miaka. Akamwuliza kama kuna nakala yoyote mahali popote. Akamwuliza kama anaweza kuwahi ofisini amwazime laptopu yake angalau waitazame. Simu ilikuwa na sauti kubwa, na Bibi alisikia kila kitu.

"Dada," yule mtu alisema kwa kunong'ona, "simu hii hukunipigia. Umenielewa? Sikuisikia, hukuipiga. Mungu akusaidie."

Karani aliishusha simu mezani polepole kama yai.

"Kumbe ndiyo hivi," akasema.

"Ameogopa," Bibi akamjibu. "Mtu akiogopa si yeye."

"Na mimi je, siogopi?"

*

Duka la kompyuta la barabara kuu, lenye milango ya vioo, lilifunguliwa saa moja na nusu. Wakati huo walikuwa wameshasimama nje kwa nusu saa, laptopu na chaja yake ndani ya begi la nguo ili watu wasijue ni nini. Nje ya duka palikuwa na mwanamke anayeuza chai. Alimwona Bibi akibadilisha mguu wa kusimamia, akampindulia ndoo bila kuulizwa. Bibi akaikalia, akamshukuru.

Ndani, fundi alikuwa kijana aliyevaa shati lenye nembo. Alichomeka chaja ya dukani, akabonyeza kitufe mara mbili, akaiinamisha mashine sikioni kama mtu anayesikiliza nazi.

"Ubao mkuu umeungua," akasema.

"Umeungua?"

"Umekwisha. Tuachie siku tatu. Na ujue vyote vilivyomo ndani vitafutika, tunaanza upya."

"Visifutike," karani alisema. "Mimi sitaki mashine. Nataka vilivyomo."

Fundi akacheka, akamgeukia mwenzake kaunta ya pili. "Huyu anataka maziwa, ng'ombe amekufa." Yule mwenzake akacheka, na wateja wawili nao wakacheka kwa adabu. Kisha fundi akaipindua laptopu, akaona namba iliyochorwa kwa rangi nyeupe tumboni. "Hii si ni ya mahakama? Kwa nini haikuletwa na ofisi?"

Karani aliinyakua kama mama anavyonyakua mtoto barabarani. Walikuwa nje kabla fundi hajamaliza kuuliza.

Pale nje alisimama akishika ukuta. Midomo yake ilikuwa imekauka, rangi ya majivu. "Ameona namba, Mama. Saa nne mji wote utakuwa unajua."

Mwuza chai aliwatazama. Alimimina kikombe, akampa karani, na alipoona anapapasa mkoba akamzuia kwa kiganja. Akasogea karibu.

"Hao humu ndani kila kitu kwao ubao umeungua," alinong'ona. "Redio ubao, pasi ubao. Nendeni kwa Miaka Minne, chini ya ngazi za lile jengo la ghorofa. Yeye akishindwa, basi hakiponi."

Karani alirudisha kikombe kabla hajakinywa.

*

"Siendi," alisema walipokuwa wanatembea. "Kwa huyo siendi, Mama. Unajua kwa nini wanamwita Miaka Minne?"

"Nimesikia. Alifungwa."

"Alipatikana na simu za wizi mezani kwake. Alisema aliletewa kutengeneza, hakujua. Mimi nilikuwepo, mimi ndiye niliyeandika. Nilimwona akishushwa kizimbani. Sasa leo nimpelekee laptopu ya mahakama ile ile iliyomfunga, nimwambie nitengenezee?"

Bibi alisimama. Magoti yalimwuma na pumzi ilikuwa fupi.

"Uliandika uongo juu yake?"

"Niliandika aliyosema. Yote."

"Basi twende."

"Mama, ana haki ya kunichukia."

"Anayo. Tukamwulize kama anaitumia."

Kibanda kilikuwa chini ya ngazi kweli, chembamba, na juu yake nyayo za watu wanaopanda zilipiga du, du, du. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, kichwa kimenyolewa, miwani imefungwa kwa uzi. Simu na redio zilipangwa nyuma yake, na kila kimoja kilikuwa na karatasi iliyoandikwa jina la mwenyewe, tarehe, na saa kilipoletwa. Hakuna kitu hata kimoja mezani kisichokuwa na karatasi.

Aliinua macho. Akamtazama karani kwa muda mrefu.

"Karani," akasema.

"Unanikumbuka."

"Miaka minne mtu ana nafasi ya kukumbuka."

Nyayo zikapita juu. Bibi alihisi mkono wa mkaza mwanawe umeshika ubavu wa gauni lake, kwa nguvu, kama mtoto katikati ya watu. Palikuwa na kigoda pale, na miguu haikumwuliza ruhusa. Akakaa.

"Baba," Bibi alisema, "tuna shida, na saa tatu haituachi. Kama hutaki kutusaidia sema sasa, hatutakulaumu."

Fundi alinyoosha mkono. Karani akachelewa kidogo, kisha akaitoa laptopu begini na kuiweka mezani. Fundi hakuigusa. Alichukua kwanza kipande cha karatasi, akaandika, akauliza, "Niandike ya nani?"

"Andika... andika yangu."

Akaandika *Karani*, tarehe, saa moja na dakika hamsini. Akaibandika. Ndipo akaishika.

"Mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Jana saa tatu usiku. Niliifunga nikaiacha kwenye chaja."

"Iliwahi kuzima yenyewe ukiwa kazini?"

"Hapana. Ila betri yake haina nguvu. Ukichomoa chaja haikai hata robo saa."

"Imeanguka? Imemwagikiwa na kitu?"

"Hapana," karani alisema. "Hakuna kilichomwagika."

Bibi alitazama mikono yake mwenyewe juu ya mapaja. Mficha uchi hazai, aliwaambia wanawe wote walipokuwa wadogo, aliwaambia mpaka wakachoka. Sasa alikuwa amekaa pale na siri yake mdomoni kama mbegu chungu, na mtu mwingine anajibu kwa niaba yake, na anajibu visivyo.

"Niliifuta," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Jana. Ulikuwa unaoga. Niliifuta kwa kitambaa cha maji, mwanangu. Na katikati ya herufi. Nimeogopa kukuambia tangu alfajiri. Nilidhani... nilidhani utanirudisha kwa kaka yake mumeo."

Karani alifumba macho. Uso wake ulikwenda hasira, ukarudi, ukaenda tena. "Mama! Saa zote hizi! Tumesimama nje ya lile duka, unaniona natetemeka, na unajua!"

"Najua."

"Ungesema tu!"

"Najua, mwanangu."

Fundi alikuwa ameshaipindua mashine, ameinusa, amepitisha tochi kwenye matundu yote. Akachomeka kijiti cha pamba kati ya herufi, akakitoa, akakiangalia.

"Pakavu," akasema. "Mzee, kitambaa chako hakina kesi. Umefuta vizuri, wengine wangenilipa nifanye hivyo. Chaja iko wapi?"

Karani, machozi yakimshuka, alipekua begi akaitoa. Fundi aliipokea, akaishika mbali na miwani, akaileta karibu. Kwa mara ya kwanza kitu kilitikisika kwenye kona ya mdomo wake.

"Nani kaivisha sweta?"

Bibi alitamani ngazi zimwangukie. "Kila ikiletwa nyumbani ilikuwa inadondoka mezani, inajigonga sakafuni. Nikasema nitaifumia soksi isije ikapasuka."

"Lini?"

"Mwezi wa pili huu."

Fundi akaivua soksi ile pole pole. Plastiki ya chaja ilikuwa imebadilika rangi upande mmoja, imevimba, na harufu ya kuungua ikatoka. Ubavuni palikuwa na kioo kidogo cha taa kama punje ya mtama.

"Hiki kinatakiwa kiwe kijani wakati wote. Kikizima, chaja imekufa. Nyinyi mlikuwa hamkioni, kiko ndani ya sufu. Kitu hiki kinapata joto, mzee. Kinataka upepo. Kimevaa sweta miezi miwili, kikapika ndani kwa ndani, usiku wa jana kikakata roho." Alichomoa nyaya mbili za kipimo, akagusa ncha ya chaja. Mshale haukuinuka hata kidogo. "Ndiyo hii. Hakuna umeme unaofika."

"Lakini kule dukani walijaribu chaja yao," karani alisema. "Haikuwaka pia. Walisema ubao."

"Ngoja kwanza."

Alichukua chaja yake, akaichomeka. Taa yake ikawa ya kijani. Akabonyeza kitufe cha laptopu.

Kt.

Hakuna kitu. Karani akaweka kiganja mdomoni. Bibi alianza kuomba moyoni, si sala yenye maneno, bali kurudia tu *tafadhali, tafadhali*, kama mtu anayegonga mlango usio wake.

Fundi alichomoa chaja. Akaipindua mashine, akasukuma vishikio viwili, akaitoa betri nzima na kuiweka mezani. Sasa laptopu ilikuwa tupu, haina umeme wa ukutani wala wa tumboni.

"Chaja ikifa vibaya hushtua mashine," alisema. "Mashine inajifunga, kama kobe aliyeguswa. Unaweza kumgonga kutwa nzima, hatoi kichwa. Lazima aishiwe na hofu kwanza. Mzee, unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Hesabu mpaka arobaini. Polepole. Mimi nimebonyeza."

Akaweka kidole gumba juu ya kitufe, hakukiinua. Bibi akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu kama alivyokuwa akihesabu zamani watoto wakiwa na homa, kati ya kikohozi na kikohozi. Kwenye kumi na tisa sauti ilimkatika, na karani, bila kumtazama, akasema "ishirini", na wakaendelea pamoja. Juu yao watu walipanda ngazi kwenda kazini. Arobaini.

Fundi aliachilia. Alirudisha chaja bila betri. Akabonyeza mara moja tu, akaondoa mkono.

Kwanza palikuwa na mvumo mwembamba, kama nyuki aliye mbali. Kisha taa moja. Kisha kioo kikawa cheupe, na weupe wake ukawamulika wote watatu usoni.

Fundi aliigeuza laptopu ikamtazama karani, kisha akageuza kiti chake mwenyewe akaelekea ukutani, akawapa mgongo.

"Weka neno lako la siri," aliuambia ukuta. "Yaliyomo ni yenu. Ukimaliza uniambie."

Karani aliandika, akakosea, akaandika tena. Bibi alimwona akitafuta, akifungua, midomo yake ikisoma bila sauti. Halafu mabega yakashuka.

"Yapo," akasema. "Mama, yapo yote. Mpaka kikohozi nilichoandika kwenye mabano."

Fundi akageuka. Aliirudisha betri mahali pake, akaikunja chaja yake akaiweka ndani ya begi lao.

"Yako imekufa na betri haina pumzi. Nenda na yangu."

"Nikuachie nini cha dhamana?"

"Uniachie nini? Najua unapofanya kazi." Akatazama saa ya mkononi. "Saa mbili na robo, karani. Kimbia."

*

Bibi hakuweza kukimbia. Alifika mahakamani dakika ishirini baada ya mkaza mwanawe, akaketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwenye benchi la mbele alikuwa tajiri mwenyewe, shingo pana, leso mkononi. Nyuma yake alikuwa mtu wake, na mtu huyo alikuwa akimtazama karani na kutabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayengoja habari ambayo ameshaisikia. Kumbe habari ya duka la vioo ilikuwa imetembea kweli. Karani wa meza ya pili alikuwa ameinama juu ya mafaili yake, na hakuinua macho.

Hakimu aliingia. Aliuliza kama maelezo ya shahidi yapo.

"Yapo, Mheshimiwa," karani alisema. Karatasi zilikuwa mkononi mwake, zingali na joto la mashine ya kuchapia.

"Yasomwe."

Bibi alikuwa hajawahi kumsikia akisoma. Nyumbani alikuwa na sauti ya kuuliza chumvi iko wapi. Hapa sauti ilitoka bila kupanda wala kushuka, na ndani yake mzee mlinzi akainuka, akasimama katikati ya chumba.

"*Nilimwambia bosi, ule ukuta wa nyuma usiku unalia. Akaniambia kuta hazilii. Nikamwambia nimeweka kidole ndani ya ufa, kimeingia mpaka hapa. Akaniambia, wewe unalipwa kulinda mlango, hulipwi kusikiliza kuta. Nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma.*"

Kwenye benchi la pili mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, mjane wa mmoja wa wapagazi, aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Tajiri alijifuta shingo. Yule mtu wake alikuwa ameacha kutabasamu, anatazama mlango.

Kesi ikapangiwa siku ya kuendelea. Watu walipotoka, karani hakutoka. Bibi alimwona akisimama mbele ya meza ya hakimu, mikono nyuma, anaongea. Alimwona hakimu akivua miwani. Walizungumza muda mrefu mpaka mfagiaji akaingia na ndoo.

"Nimemwambia," karani alisema alipotoka. "Kwamba niliibeba. Kwamba ilikufa. Na wapi ilikofufuliwa. Yote."

"Akasemaje?"

"Barua ya onyo. Itakaa kwenye faili langu mpaka nistaafu." Alivuta pumzi. "Akasema ningeyaficha akayasikia kwa mwingine, ingekuwa polisi. Na alikuwa ameshayasikia, Mama. Alikuwa ananingoja niseme."

Walitembea kidogo. Kisha karani, akitazama mbele, akasema, "Na wewe usije ukarudia hayo maneno. Eti nikurudishe kwa kaka yake. Siku nyingine nani ataniamsha asubuhi?"

Bibi akakohoa kidogo, akajifanya vumbi limemwingia.

*

Alasiri walirudi chini ya ngazi. Karani alikuwa amenunua chaja mpya, na ile ya fundi ameifunga vizuri kwa mpira. Fundi aliipokea, akaigeuza mkononi, akaiweka rafu mahali pake kwa makini kuliko ilivyohitajika.

"Nilidhani haitarudi," akasema.

"Kwa nini isirudi?"

"Watu." Akainua bega moja.

Karani alifungua mkoba. Fundi alitikisa kichwa, na alipoona hakubali, akataja bei ndogo, akapokea, akaandika stakabadhi. Shughuli ikawa imekwisha, lakini hawakuondoka. Bibi alikuwa amekaa tena kwenye kigoda. Karani alikuwa amesimama, na Bibi alimvuta sketi, naye akakaa ukingoni mwa kasha la redio.

"Nimetaka kukuuliza tangu asubuhi," karani alisema. "Ungeweza kuniambia ubao umeungua. Ungeniambia tu, nami ningeamini, na ningekuwa ndani saa hizi. Kwa nini hukufanya?"

Fundi aliondoa miwani, akaifuta kwa shati.

"Siku ile, nilipomaliza kujieleza, ulinisomea maneno yangu. Unakumbuka?"

"Tunamsomea kila mtu."

"Ulinisomea, halafu ukainua kichwa ukaniuliza, kuna neno nimeliacha? Hakimu alikuwa anatazama saa. Wewe ukaniuliza. Nikasema lipo moja. Ukaliandika." Alivaa miwani. "Halikunisaidia. Lakini liliandikwa. Nimelala na hilo usiku mwingi."

Karani aliangalia chini. Hakukumbuka. Bibi alijua kwamba hakumbuki, na akaona kwamba fundi naye amejua, na hakujali.

"Sisi twende," Bibi alisema hatimaye, "giza lisitukute." Aliinuka kwa kushika meza, na fundi akainuka haraka kumshika kiwiko. Waliagana. Walikuwa wamefika usawa wa ngazi ya mwisho, kwenye mwanga wa barabara, sauti yake ilipowafuata, ya chini, kama mtu asiyezoea kuita.

"Mama. Watu wakija hapa husimama. Wanasimama pale wanaangalia mikono yangu mpaka nimalize, wanachukua chao, wanaondoka. Nyinyi mmekaa." Nyayo zikapita juu yake. "Mje tena. Si lazima kitu kiwe kimeharibika. Mje tu mkae."